Laptopu ya kupigia gita jukwaani: uzoefu wangu na MacBook Air M1

Ukiingia duka la kompyuta ukasema unataka laptopu ya muziki, muuzaji anakimbilia RAM na ukubwa wa diski. Kwa mtu wa studio, sawa. Mimi napiga gita la solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na programu ya ampu, ile inayoiga ampu na efekti za gita ndani ya laptopu, inatakiwa inijibu papo hapo. Likifika chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, noti zinamiminika, na sauti ikichelewa kidogo tu unaanza kuvutana na mpiga dramu.

Kompyuta hukusanya kwanza sauti kwenye bafa, yaani akiba ndogo ya muda, ndipo iichakate. Bafa ya sampuli 128 (vipande vidogo vya sauti) kwenye 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 2.7. Weka na bafa ya kutokea, weka na kazi ya kadi ya sauti, kifaa kinachounganisha gita na laptopu, unafika 8 au 10 hivi. Hapo hakuna neno, maana hata hewani sauti inatumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo ni sawa na kusimama mita tatu kutoka kwenye ampu. Ikibidi upandishe bafa hadi 512 ili isikwaruze, vidole vinatangulia, sauti inakuja baadaye. Haipigiki.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: kwenye gita moja, overidraivu (ya kukwaruzisha sauti), ampu, spika na delei (ya kurudiarudia sauti) zinasubiriana kwa zamu, hivyo mzigo mwingi unaangukia kiini kimoja (core) cha prosesa. Viini vinane vya polepole havikusaidii kitu.

Basi nilikwenda Kariakoo na gita langu, hedifoni na kadi ya Focusrite Scarlett. Kwenye za Windows niliweka draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya ASIO, inayoipitisha sauti haraka, kisha LatencyMon, programu ya bure inayoonyesha ni draiva gani inaichelewesha sauti. Mashine iliyokuwa na prosesa kali kuliko zote pale mezani ndiyo iliyonishangaza: unapiga vizuri, mara "tak!", unaendelea, "tak!" tena. Nikazima Wi-Fi, ikatulia. Mashine ya bei ile, halafu inasumbuliwa na draiva ya Wi-Fi! Watu walishaanza kujazana mlangoni, na muuzaji akaniuliza, "Kaka, unanunua au unatumbuiza?"

Niliondoka na MacBook Air M1 ya mwaka 2020, iliyotumika, RAM GB 8. Kwenye Mac huhitaji ASIO, mfumo wake wa sauti, Core Audio, umo ndani tayari. Kwa bafa ya 128 naendesha AmpliTube, programu yangu ya ampu, yenye ampu moja, delei na riva (mwangwi wa ukumbi), na sijasikia mkwaruzo shoo nzima. Ya 64 pia inakubali, ila masikio yangu hayaoni tofauti. Haina feni, kwa hiyo hata nikirekodi sauti ya mtu pembeni yake hakuna mvumo. Betri nayo inamaliza shoo, na hilo ni kubwa kuliko linavyosikika: kumbi nyingi umeme wake hauna ethi (waya wa ardhini) ya maana, ukichomeka chaja tu gita linaanza kuunguruma. Mimi nachomoa.

Sasa ubaya wake. Matundu ni mawili tu ya USB-C, kwa hiyo ukitaka kadi, pedali ya MIDI (ya kubadilisha sauti kwa mguu) na chaja kwa pamoja, utanunua habu ya kuongeza matundu. RAM haiongezeki baadaye. Halafu joto: Apple wanasema itumike kwenye nyuzi 10 hadi 35, na shoo za mchana ufukweni, Februari, zinakaribia kabisa huko. Naiweka nyuma ya spika, kivulini, na kamwe siiachi juu ya kasha jeusi la gita.

Kabla ya shoo nazima Wi-Fi, Bluetooth na masasisho yote. Kwenye begi ipo overidraivu ya kawaida na waya unaofika kwenye mikisa, endapo mashine itagoma bi harusi akiwa anaingia ukumbini.