Mustang 5.0, IROC-Z au Grand National: ipi ununue kwanza

Ukifika kutazama Ford Mustang ya 1989 au Chevrolet Camaro ya 1987, muuzaji atakimbilia boneti. Ataiwasha injini, atakanyaga mafuta mara mbili tatu, na moyo wako utaanza kudunda. Mwombe azime. Tandika kadibodi, lala chali, washa tochi uanze na sakafu.

Nasema hivyo mapema kwa sababu ubishi wote ninaousikia kuhusu magari ya mbio ya Marekani ya miaka ya 1980 ni ubishi wa injini. Ford au Chevrolet, V8 au turbo, nani alimwacha nani kwenye robo maili. Ni ubishi mtamu, nami nimekesha nao mara nyingi, ila haumsaidii mtu ambaye kesho anakwenda kutoa pesa yake. Injini ya Ford na ya Chevrolet zilitengenezwa kwa mamilioni. Spea zake zinauzwa mpaka leo, na mafundi wa umri wangu wanazifungua wakiwa wanapiga soga. Bodi iliyooza ndiyo haina dawa ya bei nafuu. Kwa hiyo orodha yangu nimeipanga kuanzia chini ya gari kwenda juu.

Ieleweke pia magari haya yalitokea wapi. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 na sheria za moshi, gari la mbio la Marekani lilibaki jina tu. Mustang GT ya 1982, pamoja na V8 yake, ilikuwa na nguvu za farasi 157. Camaro Z28 ya mwaka huohuo, yenye kabureta, ilikuwa na 145. Miaka mitano baadaye zote mbili zilifika 225, kwa sababu kompyuta ilikuwa imechukua kazi ya kabureta na wahandisi walishajifunza kuishi na sheria zile. Ndiyo maana, kwa hizo mbili, nakushauri ununue ya 1987 kwenda mbele. Za kabla ya hapo waachie wanaozipenda kwa kumbukumbu.

Ya kwanza: Mustang LX 5.0, 1989 hadi 1992

Si GT. LX. Injini ni ileile, V8 ya lita 5.0, farasi 225, lakini LX haina yale mapambo ya plastiki ubavuni, hivyo ni nyepesi zaidi na haijitangazi. Ukiilinganisha na Camaro IROC-Z, Mustang hii imepungua zaidi ya kilo 100, na utausikia upungufu huo kila unapotoka kwenye taa. Polisi wa barabara kuu wa California walianza kununua Mustang za V8 mwaka 1982 kwa ajili ya kuwafukuza wenye mbio. Walitafuta gari jepesi lenye nguvu ambalo bajeti yao ingelimudu, nawe unatafuta hilohilo.

Kwa nini 1989? Kabla ya mwaka huo, kompyuta ya Mustang nyingi ilikuwa inakisia hewa inayoingia kwenye injini kwa kusoma mgandamizo. Ukibadilisha kamshafti, hesabu inavurugika na gari linatetemeka likisimama. Kuanzia 1989 iliwekwa sensa inayopima hewa yenyewe, na injini ikawa inakubali marekebisho bila ugomvi. Kuanzia 1990 unapata na mfuko wa hewa kwenye usukani. Ya 1993 si mbaya, lakini pistoni zake si za aluminiamu ya kufua kama za miaka iliyotangulia, na anayetaka kuongeza nguvu baadaye ataijutia tofauti hiyo.

Udhaifu wake naujua kwa mikono yangu. Pale mikono ya ekseli ya nyuma inaposhikana na sakafu, bati hupasuka, hasa kama mwenye gari alikuwa anaondoka kwa kuchoma tairi. Pitisha kidole. Mpasuko mdogo huchomelewa na kuongezewa bati. Mkubwa maana yake bodi nzima imeshajipinda. Kwenye boneti angalia minara ya shokomzoba za mbele na sehemu iliyo chini ya betri, kutu hupenda hapo. Giaboksi ya mkono ya gia tano si ngumu sana: ikikwaruza unapoingiza ya pili au ya tatu ukiwa mwendoni, punguza bei au ondoka. Breki za nyuma ni za ngoma na za mbele ni ndogo, kwa hiyo tenga pesa ya breki kabla hujatenga ya kitu kingine chochote. Na usiziamini maili zilizo kwenye dashibodi, maana gia ya plastiki inayozungusha namba zile huvunjika mara nyingi, na gari likaendelea kutembea namba zimelala.

Kuna na ujanja mmoja. LX nyingi zilitoka kiwandani na injini ndogo ya silinda nne, kisha watu wakapachika V8. Soma namba ya chasisi kwenye kioo cha mbele, herufi ya nane. Kwa Mustang za miaka hii, V8 ni E. Ukikuta herufi nyingine, gari linaweza kuwa zuri tu, lakini bei yake isiwe ya lililozaliwa na V8.

Ya pili: Pontiac Firebird Formula, au Camaro IROC-Z

Hawa ni ndugu wa tumbo moja, General Motors. IROC-Z, iliyouzwa 1985 hadi 1990, ndiyo ninayoiona nzuri kuliko gari lolote kwenye ukurasa huu, na nasema hivyo ingawa ndiyo iliyoniliza. Yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu, ina paa la vioo vya kuvua, rangi inang'aa kama kikombe kipya. Wiki ya pili niliweka jeki nibadilishe tairi, jeki ikapenya sakafu. Maji yalikuwa yanavuja kupitia raba za paa kwa miaka, zulia linakunywa, bati linaoza kimyakimya, na aliyeniuzia alikuwa ameziba kwa filla na rangi nyeusi. Kwa hiyo, gari lolote la jamii hii lenye vioo vya paa, inua zulia. Likiwa na unyevu au harufu ya uvundo, umeshapata jibu.

Kiuendeshaji, Camaro inaishinda Mustang kwenye kona, bila ubishi. Inashika barabara, usukani unajibu, na lita 5.7 inavuta kutoka chini kama trekta. Mabomba yake marefu ya hewa ndiyo yanayoipa mvuto ule, na ndiyo hayohayo yanayoifanya ikose pumzi injini ikizunguka kasi. Kizuizi kikubwa ni kwamba lita 5.7 iliuzwa na gia za otomatiki tu. Mwenye kutaka klachi lazima achukue lita 5.0. Herufi ya nane tena: 8 ni lita 5.7, F ni lita 5.0 yenye mfumo uleule mzuri wa mafuta. E, kwa upande huu wa Chevrolet, ni ile dhaifu.

Nimeitanguliza Firebird Formula kwa sababu jina la IROC-Z limepandisha bei, ilhali Formula ya 1987 na kuendelea ina injini zilezile na springi za kazi bila mapambo ya Trans Am, Firebird ya bei ya juu. Mota za taa zinazofumbuka huchoka, lakini hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kwa zote mbili inua mlango uliofunguliwa: milango ni mirefu na mizito, bawaba zikiisha unaning'inia. Camaro ya 1989 kuendelea, hakikisha unapewa ufunguo wenye kichembe chake cha kuzuia wizi, la sivyo haitawaka.

Ya tatu: Buick Grand National, 1986 na 1987

Nyeusi yote, V6 ya lita 3.8 yenye turbo na kipoza hewa, farasi 235 kisha 245 mwaka 1987. Corvette, gari la michezo la Chevrolet, mwaka huo ilikuwa na 240. Wenye V8 walidharau V6 mpaka walipoona taa zake za nyuma. Kama swali ni lipi lenye kasi zaidi kati ya haya matatu, mjadala umekwisha.

Nimeiweka ya tatu kwa ajili ya pesa yako. Bei yake ni ya juu, na injini ya turbo haisamehe: mafuta dhaifu husababisha injini kugonga, na kugonga kunakula gasketi ya hedi. Breki zake zinasaidiwa na pampu ya umeme ambayo ikifa, inakuachia pedali ngumu kama jiwe, na wenye busara wengi wameshaibadilisha. Halafu kuna za kughushi. Grand National ni toleo la Buick Regal, kwa hiyo Regal ya kawaida ikipakwa rangi nyeusi inafanana nayo kabisa. Herufi ya nane iwe 7, na kwenye karatasi ya misimbo iliyobandikwa ndani ya buti utafute WE2, msimbo wa Grand National. Ukiwa na pesa kidogo pungufu, tafuta Regal T-Type ya miaka hiyohiyo: injini moja, kelele kidogo.

GNX, toleo maalumu la Grand National la 1987, sijaipanga. Zilitengenezwa 547 tu, na leo huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Mustang Cobra ya 1993 na Trans Am ya turbo ya 1989 nazo zimeshahamia kwa wanaohifadhi. Chevrolet Monte Carlo SS ni gari la kupendeza lenye farasi 180, linunue kwa sura yake.

Kwa tunaoishi Ohio, Minnesota na kwingine ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, nayo ikala bati: tafuta gari la Arizona, New Mexico au Texas, hata kwa gharama ya kulisafirisha. Jua la huko hupasua dashibodi na kukausha raba, lakini hizo hubadilishwa. Aliye California akumbuke kwamba magari haya yote lazima yapite kipimo cha moshi, kwa hiyo asinunue lililong'olewa vifaa vyake. Bima nayo ichukue ile ya thamani mnayokubaliana kabla, maana bima ya kawaida italihesabu kama gari kuukuu. Na ndugu wanaoniuliza kuhusu kulipeleka Mombasa, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, achilia mbali usukani wa kushoto.

Siku ya kwenda kutazama, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, muulize kwa upole alikuwa anaficha nini injini ikiwa baridi.