TAHADHARI: Sizalifti ya kukodi inayozungushwa Mtwara na Lindi, msipigwe kama mimi

Wadau wa kusini, hasa nyie mnaochukua kazi za kubadilisha mabati na taa kwenye maghala ya korosho kabla msimu haujaanza, kuna jamaa anakodisha sizalifti, ile mashine ya mkasi inayopanda na kikapu, ya rangi ya chungwa, imepakwa upya juzijuzi tu. Mkiletewa hiyo kimbieni.

Mimi nilimpata kwa dalali mmoja wa Mikindani. Laki 2 na nusu kwa siku, siku 14, akataka nusu kwanza, nikamtumia 1,750,000 kwa simu na lori la kuitoa Lindi nikalipa mimi. Nikaomba cheti cha ukaguzi cha OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama kazini, akanirushia picha wasap fasta, muhuri upo, tarehe ipo, nikaridhika, ujinga wangu. Mashine imeshashushwa gharani ndo nakuja kulinganisha namba, bati la kwenye chasisi limepigwa rangi juu mpaka nikalikwangua na sarafu ndo likasomeka, na namba haifanani hata kidogo na ya kwenye cheti. Cheti ni cha mashine nyingine kabisa!

Alafu alisema inafika mita 10. Hapa wengi tunaliwa, mita 10 wanayoitaja ni urefu wa kufanyia kazi, kikapu chenyewe kinaishia mita 8, zile 2 zilizobaki ni kimo chako na mikono yako. Kijana wangu alipoona hafikii kenchi akataka kukanyaga reli ya kikapu, nikamfokea ashuke.

Toka hapo sikuiamini tena, ikabidi tuipime bila mtu. Bati linasema kilo 230, hapo ni watu pamoja na vifaa vyote, tukapakia mifuko 4 ya simenti, kilo 200, tukaipandisha kwa swichi za chini tukaiacha. Tumekaa tunakunywa chai naona kikapu kinashuka chenyewe taratibu, hakuna aliyegusa kitu, dakika kumi kimeshuka zaidi ya futi na oili inachuruzika kwenye jeki. Ile valvu ya kushushia kwa mkono umeme ukikata nayo imeganda kutu, tumeigonga na nyundo wapi.

Ila kilichoniogopesha ni waya. Fundi umeme wangu kafungua boksi la chini akaniita, "Bosi njoo uone huku." Kumbe sensa ya kuinama, ile inayopiga kelele na kuzuia kikapu kisipande kama mashine imekaa upande, imerukwa. Kipande cha waya mwekundu kimeunganishwa moja kwa moja na kuzungushiwa tepu nyeusi, tena tepu mpya inanata. Huyo hakusahau kutengeneza jamani, kakaa chini akaifanya kwa mkono wake ili mashine ipande hata ikiwa imeinama, na sakafu za maghala yetu mnazijua zilivyo.

Nimempigia, kwanza akasema nimeharibu mimi, baadae akaniblok. Dalali naye anasema yeye ni mtu wa kati tu. Hela sijarudishiwa. Angeanguka mtu na hiyo mashine wa kuhojiwa ni mimi niliyempandisha, sheria ya usalama kazini ya 2003 inambana mwajiri, nani atamtafuta aliyekodisha?

Picha za ule waya na lile bati ninazo, nimeshapeleka malalamiko. Mashine huyo aliyenikodisha kaifuata usiku na lori lake, sikuwepo, mlinzi akamwachia. Alama yake ni reli ya upande wa ngazi, imechomelewa vibaya karibu na mlango wa kikapu, rangi haijafunika vizuri pale.

Jana jamaa yangu wa Masasi kanipigia ananiambia kapata sizalifti ya bei poa, ya chungwa. Nikamwambia asitume hata mia, aende kwanza akaangalie hiyo reli.