Uzoefu wangu na kitalu cha maua Mtwara: eti nimeunganisha matawi ya miti mitatu

Kuna kitalu kimoja cha maua hapa Mtwara mjini, jina silitaji, nawaomba msikanyage pale. Hasira hazijanitoka mpaka leo, na si kwa ajili ya hela tu.

Nyumba tuliyohamia Shangani tulikuta kichaka cha maua ambacho hakuna jirani aliyejua jina lake. Ua linachanua zambarau iliyokolea, kesho yake limefifia, keshokutwa jeupe kabisa, kwa hiyo kichaka kimoja kina rangi zote tatu kwa pamoja. Na linanukia. Ndugu zangu wa Mikindani na Masasi kila wakija wanataka mche. Mvua zilipoanza nikakata tawi zuri lenye rangi zote, nikalizungushia kitambaa chenye maji, nikalipeleka kitaluni.

Mwenye kitalu hakulishika. Alikuwa kivulini na simu yake, akatupa jicho mara moja: "Asumini hiyo, mama." Nikamwambia asumini naijua, tumekua nayo, tumeivaa kwenye harusi zetu, na haichanui zambarau ikageuka nyeupe. Akanijibu mbele ya wateja wake: "Basi umeunganisha matawi ya miti mitatu, umekuja kunijaribu." Watu wakacheka. Mimi mtu mzima, nina wajukuu, niunganishe matawi ili iweje? Tawi lilikuwa moja, na ua la zambarau na ua jeupe yalitoka kwenye panda moja, vikonyo vimegusana. Angelichukua mkononi angeona.

Nikameza. Nikamuuliza kama lina sumu, kwa sababu nina mjukuu anayetambaa na mbwa wa kulinda. "Maua hayana madhara, mama." Amesema hivyo huku anaangalia simu!

Kijana wa jirani ndiye aliyelipiga picha kwa programu ya kutambua mimea, likaja jina Brunfelsia. Programu peke yake siiamini, nikakagua mwenyewe: petali tano, kijicho cheupe katikati, jani limekoza kijani juu na kupauka chini, rangi inafifia siku hadi siku. Yote yamekubali. Asili yake ni Amerika ya Kusini, Brazili huko, na ni jamaa wa nyanya, bilinganya na tumbaku. Sumu lina. Mbwa akila matunda au mbegu zake anatetemeka, anashikwa na degedege, anaweza kufa. Ndiyo asumini yake hiyo.

Sasa miche. Alisema nimwachie tawi, atanioteshea kwenye viriba, nilipe kabisa. Nikalipa. Niliporudi baada ya wiki kadhaa akanikabidhi viriba, majani mabichi, "yote imeshika." Nyumbani kiriba kimoja kikapasuka. Kijiti kikatoka chenyewe, mwisho wake mweusi, umelainika, unanuka, hakuna hata uzi wa mzizi. Nikavuta vingine, vilevile. Alichomeka ncha laini zenye maua yake, ndani ya samadi tupu! Kipandikizi kikiwa kivulini kinaweza kubaki na majani wiki nyingi bila mzizi, na yeye mwenye kitalu analijua hilo.

Nilirudi kudai, yeye hayupo. Nikamkuta mzee anayemwagilia huko nyuma. Nikamwamkia, nikampa tawi jingine. Akalipokea kwa mikono miwili, akaminya gome kwa kucha, akaniambia chukua sehemu ambayo si laini wala haijakomaa, ondoa maua yote, kata chini ya kifundo, bakiza majani mawili na uyapunguze nusu. Mchanga uliooshwa, samadi usitie. Funika kwa nailoni nyeupe, weka kivulini, usivutevute, linaweza kuchukua hata miezi miwili. Na tawi la chini kabisa, likwangue gome kidogo, lilaze, fukia, weka jiwe juu, lisikatwe kwa mama yake mpaka lishike. Yameshika! Hata mche wa Mikindani ulipoanza kuwa njano, mishipa ya jani ikibaki kijani, ni yeye aliyesema udongo wa kule una chokaa ya matumbawe, uongezwe mboji ya majani.

Kwa hiyo nimesema msikanyage, lakini kwa haki ya yule mzee, nendeni. Piteni nyuma moja kwa moja, mumtafute yeye. Hapana, maana hela bado itaingia mfukoni mwa yule wa kivulini, na mzee analipwa kumwagilia tu. Siwezi kuwaambia muende.

Hela yangu anirudishie au aache. Ila ile kauli kwamba maua hayana madhara aifute hadharani, maana waliomsikia siku ile walitoka pale na miche mikononi, na wana watoto nyumbani.