Skrini Nzuri kwa Gari Lililosimama: Tathmini ya Dashibodi ya Gari la Umeme

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikiendesha gari dogo la umeme ambalo karibu kila kitu ndani yake huamriwa kwa kugusa skrini moja pana iliyowekwa katikati ya dashibodi. Nguvu ya mota yake, breki zake na utulivu wake barabarani vimekwisha kusifiwa na wengine, nami sina la kuongeza. Nitakayoyaeleza hapa yanahusu skrini hiyo peke yake, kwa kuwa ndiyo niliyoshughulika nayo kila siku, na kwa kuwa nimeshawishika kwamba walioibuni walimfikiria zaidi mnunuzi aliyeketi ndani ya gari lililoegeshwa kuliko dereva aliye safarini.

Mazuri yake si machache. Maandishi yanasomeka hata jua likiwa kali, na mguso hujibiwa papo hapo. Ukurasa wa betri ndio ulionivutia kuliko yote: pamoja na asilimia ya chaji, hukadiria kilomita zilizobaki kwa kuzingatia kasi, vilima na matumizi ya kipoza hewa, na ukiugusa hukuonyesha ni kitu gani hasa kinachokula umeme kwa wakati huo. Anayehamia gari la umeme kutoka la petroli huandamwa na hofu ya kukwama njiani, na ni wazi kuwa aliyebuni ukurasa huo aliijua hofu hiyo na akaketi na watu walionayo.

Laiti angeketi pia na mtu anayeendesha gari kwenye mvua. Waipa za gari hili hupangusa kioo mara moja ukibonyeza ncha ya wenzo ulio kando ya usukani, lakini kasi yake hubadilishwa kwenye skrini: unafungua menyu ya gari, unaingia sehemu ya taa na vioo, kisha unavuta kitelezi chembamba kisichozidi upana wa penseli. Siku mvua ilipozidi ghafla nikiwa barabara kuu, nililazimika kuitazama skrini mara tatu, na bado kidole changu kiliangukia taa za ukungu. Gari likienda kilomita 110 kwa saa hukata takribani mita 61 katika sekunde mbili. Sekunde mbili ndiyo kikomo cha kila mtupo wa jicho kilichowekwa katika mwongozo wa mwaka 2013 wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, huku jumla ya muda wa kutoitazama barabara kwa shughuli moja ikitakiwa isizidi sekunde 12. Nchini Ujerumani, mahakama ya Karlsruhe iliamua mwaka 2020 kwamba skrini ya namna hii ni kifaa cha kielektroniki chini ya sheria ile ile inayobana matumizi ya simu, katika kesi ya dereva aliyetoka nje ya barabara alipokuwa akirekebisha kasi ya waipa.

Sababu ya tatizo inajulikana tangu zamani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kukifikia kitu kwa mkono huongezeka kadiri kinavyokuwa mbali na kadiri kinavyokuwa chembamba. Kitelezi cha waipa zangu kina kasoro zote mbili, na gari linapotikisika huwa na ya tatu. Kitufe halisi hupapaswa, kwani kidole hutambua ukingo wake na mbonyeo wake, na jicho hubaki barabarani. Skrini ni laini tupu kuanzia pembe hadi pembe. Gazeti la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilipima jambo hili mwaka 2022 kwa kuwapa madereva kazi chache za kawaida: Volvo ya mwaka 2005 yenye vitufe ilihitaji sekunde 10, ilhali gari jipya lililofanya vibaya kuliko yote lilihitaji zaidi ya 44.

Lililoniudhi zaidi, hata hivyo, ni sasisho la programu. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa nimeanza kuzoea mahali pa alama ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, hata nikabandika kibandiko kidogo ukingoni mwa skrini ili kidole kijue pa kuanzia. Asubuhi moja nikakuta gari limejisasisha usiku na alama ile imehamishiwa ndani ya menyu ya hali ya hewa. Kibandiko bado kipo, ila sasa kinaelekeza kwenye redio. Katika simu, mabadiliko ya aina hii ni kero ya siku mbili tu. Katika gari, mazoea ya mkono ni sehemu ya usalama, na mtengenezaji hana haki ya kuyavuruga bila hata kumwuliza mwenye gari.

Amri za sauti hufanya kazi madirisha yakiwa yamefungwa, ingawa hazijui neno la Kiswahili. Programu ya simu inayotumika kama ufunguo haijaniangusha hata mara moja.

Kwa anayetembea safari fupi, akapanga kila kitu kabla ya kuondoka, dashibodi hii itamfaa, na ukurasa wa betri utampendeza. Kwa anayesafiri mbali usiku, au anayeazimana gari na jamaa wasioizoea skrini hiyo, singeipendekeza ilivyo sasa. Kuanzia mwaka 2026 Euro NCAP, shirika linalotoa nyota za usalama kwa magari barani Ulaya, linadai vidhibiti halisi kwa indiketa, taa za hatari, honi, waipa na wito wa dharura kabla ya gari kupata alama zote za kipengele hicho. Mwenye kuweza kusubiri toleo lijalo asubiri. Asiyeweza, aombe kulijaribu gari barabarani usiku wa mvua, na wakati wa jaribio hilo abadilishe kasi ya waipa yeye mwenyewe.