Kipimo cha gasketi ya silinda hedi: ununue au uache?

Assalamu alaykum watazamaji, karibuni tena gereji, Mwanakwerekwe. Leo nna hiki: kibomba cha plastiki, puto la mpira juu yake, na kichupa cha maji ya buluu. Kazi yake kunusa moshi wa injini ndani ya rejeta. Gasketi, ile shiti inayoziba baina ya hedi (kichwa cha injini) na bloku yenye silinda, ikipasuka, moshi wa silinda hupenya kwenye njia za maji, na kaboni dayoksaidi iliyomo huigeuza hii buluu ikawa manjano.

Gari yenyewe Alphard ya kubebea wageni, injini 2AZ. Ikenda Paje, kabla ya Jozani mshale wa moto ushapanda. Oili safi, moshi mweupe hakuna. Wengi hapa wangebadilisha termostati tu.

Tizameni. Rejeta imepoa ndo nafungua. Ikiwa moto usithubutu, itakubabua. Napunguza maji kidogo, maana koolanti, hayo maji ya rejeta, ikiingia humu kipimo kimeharibika, kisha watu wanasema bidhaa mbovu. Nawasha, naiacha ipate moto, naminya puto taratibu... Buluu... inaingia ukijani... haya, manjano hiyo! Gasketi imekwenda.

Kwa hilo nakisifu. Lakini mpira wa chini mgumu mno, kwenye shingo ndogo ya rejeta haukai sawa, unavuta hewa pembeni. Halafu gasketi ikipasukia baina ya njia ya maji na ya oili, hiki hakioni kitu: utabaki na buluu yako na huku oili imeshakuwa chai ya maziwa. Na dawa yenyewe huchoka. Ijaribu kwa moshi wa ekzosi wa gari ya petroli, isipogeuka, mwaga.

La kuudhi zaidi, hakikwambii silinda ipi. Hapo ndo natoa geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Plagi zote nje, petroli nimeikata, mwenzangu anakanyaga aksileta mpaka chini, anapiga stata. Silinda ya kwanza 170 psi, ndo kipimo cha mgandamizo huo, ya pili 165. Ya tatu? 105. Ya nne 100. Mbili zilizopakana zimeanguka pamoja! Natia kijiko cha oili kwenye ya tatu, napima tena: 110. Oili huziba penye ringi za pistoni kwa muda, kwa hiyo ingeruka juu, ningeshuku ringi au ukuta wa silinda. Haikuruka, basi gasketi imekatika baina yao.

Na wenye 2AZ, nisikilizeni: thredi (meno) za bolti za hedi ndani ya bloku huliwa, hasa safu ya nyuma. Fundi akikuwekea gasketi mpya bila kuzitazama, gari itarudi kuchemsha.

Kwa hiyo wewe mwenye gereji, nunua geji kwanza, hiki kifuate. Mwenye gari moja, hela yako weka. Mwambie fundi akupimie mbele ya macho yako kabla hajagusa bolti hata moja ya hedi.