Bao la mninga, shilingi 45,000: tathmini baada ya siku ya Kimbunga Hidaya

Bao ninalolieleza hapa nililinunua katika soko la vinyago hapa Dar es Salaam. Limechongwa kwa kipande kimoja cha mninga na lina mashimo 32 katika safu nne, kama bao la Kiswahili linavyopaswa kuwa. Kwa miezi minne lilikaa juu ya kabati, kwa kuwa jioni zetu zote zilikwenda kwa televisheni na simu.

Lilishushwa Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, siku ambayo Kimbunga Hidaya kilikuwa kikiikaribia pwani yetu. Safari za boti za Zanzibar zilikuwa zimesitishwa, na sisi tunaopokea mizigo hatuna kazi boti zisipotoka. Alfajiri nilipigiwa simu kwamba nibaki nyumbani. Upepo ulikuwa umevuma usiku kucha na kuangusha tawi la mwembe juu ya ukuta wa jirani, umeme haukuwapo, na watoto hawakuweza hata kutoka barazani. Baba yangu, mwenyeji wa Mafia aliyekuja kwetu kutibiwa macho, alikuwa akipiga simu Kilindoni tangu alfajiri bila kupokelewa, naye alijua, kama sote tulivyojua, kwamba kimbunga kinaelekea kisiwani kwake. Mke wangu ndiye aliyemwambia, "Baba, kuna bao juu ya kabati. Wajukuu zako hawajui hata kulipanga."

Baba hakuanza kwa kulisifu. Alilipakata, akapitisha kidole gumba katika kila shimo, safu baada ya safu, na kwa kuwa macho yake yana ukungu, nilitambua kwamba anaona kwa vidole. Hukumu yake ya kwanza ilikuwa nzuri: mashimo yamelainishwa hadi chini, hayana vibanzi, na nyumba, yaani shimo kuu la kila mchezaji, imechongwa ya mraba kwa kila upande, hivyo mkono unaitambua hata gizani. Kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya bao hili. Mabao mengi yanayouzwa kama mapambo yana mashimo ya duara yote na mengine hayana kina. Mtu akilitundika ukutani linapendeza, lakini halichezeki.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza tulipopanga. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 hubaki mkononi kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza mchezoni moja moja; jumla ni kete 32 kwa kila mmoja. Katika mfuko niliopewa na muuzaji kulikuwa na 61. Zaidi ya hayo, zilikuwa goroli za kioo, ambazo huteleza vidoleni na kuruka nje shimo likijaa. Baba alizikataa kabisa. Alifungua mkoba wake akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mlikuwa na komwe, mbegu ngumu za kijivu, alizokuja nazo kutoka kwao, zimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi. Komwe hutulia zinapoangushwa, na sauti yake juu ya mninga ni nzito na fupi, kiasi kwamba Baba aliweza kuhesabu mwendo wa mpinzani wake kwa kusikiliza tu.

Binti yetu wa miaka tisa ndiye aliyekaa mbele yake muda mrefu kuliko wote. Mara ya kwanza alifungwa mkononi, yaani kabla kete za kunamua hazijaisha. Mara ya tatu alikula shimo lenye kete saba, akazisambaza kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, akapiga kelele, "Babu, nimekula!" Baba akamjibu, "Umekula, mjukuu wangu, lakini umeacha nyumba wazi." Sijawahi kumwona mtoto huyu akiwaza kimya kwa muda ule. Tulikula ugali na dagaa tukilizunguka bao, na hakuna aliyeuliza umeme utarudi lini.

Kasoro ya pili ni vanishi. Katika unyevu wa siku ile ilianza kunata, na kufikia alasiri viganja vyetu vilikuwa na rangi. Baadaye niliikwangua yote kwa msasa na kupaka mafuta ya nazi. Tangu hapo bao halinati, na rangi ya mninga imekolea vizuri zaidi.

Baada ya magharibi simu ya Kilindoni iliita. Baba alikuwa na kete tano mkononi. Alizifumbata wakati wote shangazi alipokuwa akimweleza kwamba paa la jiko limeng'oka lakini watu wote ni wazima, akasema "Alhamdulillahi" mara kadhaa, kisha akauliza zamu ni ya nani.

Kwa nyumba yenye watoto na mzee wa kuwafundisha, ningelinunua tena kwa bei hiyohiyo. Anayekwenda sokoni alipapase kila shimo kwa kidole, ahakikishe nyumba ni ya mraba pande zote mbili, aombe ambalo halijapakwa vanishi, na ahesabu kete palepale mbele ya muuzaji hadi zitimie 64. Zile goroli wanazo watoto, wanachezea uani.