Anayegeuzwa Taa Zikiwa Zinawaka: An American Werewolf in London kwenye diski ya 4K

Watazamaji wangu, karibuni tena. Diski niliyoishika ni toleo la 4K, yaani lenye picha kali kuliko diski ya kawaida, la An American Werewolf in London, filamu ya mtu anayegeuzwa mbwamwitu, aliyoiongoza John Landis mwaka 1981, na kwa kuwa wengi mnaijua hadithi yake, nawaacha wale vijana wawili wa Kimarekani huko nyikani Uingereza niende moja kwa moja sebuleni.

Tazameni hapa. David, mmoja wa vijana hao, yuko peke yake, taa zinawaka, Sam Cooke anaimba Blue Moon kwa upole kana kwamba hakuna linalotendeka, naye anapiga kelele kuwa anaungua. Narudisha nyuma kidogo ili mkione kiganja: kinarefuka, mifupa inaisukuma ngozi, na mwenye mkono anautazama kwa mshangao uleule tulio nao sisi. Rick Baker, fundi wa kazi hii, alitumia viungo vya mpira vinavyosukumwa kwa ndani, na manyoya mnayoyaona yakichipuka yalikuwa yakivutwa kuingia kwenye ngozi bandia, kisha picha ikachezwa kinyumenyume. Kazi hiyo ilimpa Oscar ya kwanza ya ushindani katika upambaji wa sura. Linganisheni na filamu ya zamani, The Wolf Man ya mwaka 1941: mwigizaji Lon Chaney Jr. alipogeuka mara ya kwanza tulionyeshwa miguu yake tu, picha moja ikiyeyukia katika nyingine.

Ustadi peke yake, hata hivyo, usingenirudisha hapa kila mara. Katika masimulizi tuliyokulia, mtu hujigeuza fisi au simba. Huyo ni mchawi, amepanga safari yake, na anastahili kuogopwa. David hajigeuzi, anageuzwa, na katikati ya maumivu anamwomba radhi rafiki yake aliyekwisha kufa kwa utani aliomtania. Ninamwogopa na kumhurumia kwa pumzi moja, jambo ambalo mzimu wala mfu anayetembea hajawahi kunifanyia.

Kuhusu diski yenyewe, mwanzoni nilikasirika, kwa sababu picha imesafishwa hata mpira unaonekana kuwa mpira. Nilipoitazama mara ya tatu nikaanza kuupenda mpira huo, maana unaonyesha kuwa palikuwa na kitu halisi mbele ya kamera.

Wale mnaonidai The Howling, filamu nyingine ya mbwamwitu ya mwaka 1981, video yake inakuja. Baker ndiye aliyeanza ufundi wa filamu hiyo kabla ya kumwachia fundi mwenzake Rob Bottin, na nakiri kwamba mbwamwitu wa Bottin, anayesimama kwa miguu miwili, anatisha kuliko huyu anayetimka Piccadilly Circus, katikati ya London, kama zulia lenye meno.

Nimelipa karibu mara mbili ya bei ya diski ya kawaida. Mwenye toleo la zamani asijisumbue, isipokuwa kama naye hukisimamisha kile kiganja kila kinapoanza kurefuka.